Masikio Ishirini na Mawili

Sheria ilitaka kila kielelezo kielezwe kwa maandishi kabla jalada halijafungwa. Inspekta Damas alikuwa amevunja sheria kadhaa katika jalada hili, kwa hiyo hii moja, asubuhi hiyo ya Jumatano, aliamua kuifuata. Alifungua kopo la maziwa ya unga, akageuza uso pembeni kwa harufu, kisha akaanza kupanga masikio ya nguruwe juu ya gazeti.

Yalikuwa masikio ishirini na mawili, yamekaushwa kwa chumvi na kufungwa mawili mawili kwa uzi. Huo ndio uliokuwa utaratibu katika shamba la Blaise, mfanyabiashara aliyefuga nguruwe kwenye barabara ya Kapolowe. Mnyama akifa, masikio yake hukatwa na kuhifadhiwa, ili tajiri asije akaambiwa amekufa kumbe ameuzwa. Katika majuma matatu walikuwa wamekufa nguruwe kumi na mmoja, wote njiani kuja Likasi. Zamani lori la shamba liliwaleta alfajiri, kukiwa bado na ubaridi. Mwaka huu wa 1993 lori lilikuwa juu ya mawe, halina tairi wala mafuta, na nguruwe walisafiri kwa baiskeli, wamefungwa chali nyuma ya mwendeshaji, miguu juu, jua likiwapiga tumboni.

Mtu aliyewaua alikuwa ameshapatikana. Alikuwa chini, kwenye chumba cha mahabusu, siku ya tisa sasa, na aliyemweka humo alikuwa Damas mwenyewe.

Mathieu Kalombo alikuwa mlishaji wa nguruwe wa Blaise kwa miaka kumi na tisa. Alizaliwa hapa hapa Likasi, lakini baba yake alitoka Kasai, na mwaka huo, watu wa asili ya Kasai walipokuwa wakifukuzwa mkoani, hilo lilitosha. Tajiri alimwandikia barua ya kumwachisha kazi kuanzia mwisho wa mwezi. Nyumba yake ilikwisha kuingiwa na watu wengine. Mkewe Berthe na watoto wanne walikuwa wakilala stesheni kwa wiki ya sita, pamoja na mamia ya wenzao, wakingoja treni ya kuwapeleka nchi ambayo watoto hao hawakuwahi kuiona. Treni ilikuwa imefika. Ingeondoka saa tisa alasiri, na jina la Kalombo lilikuwa kwenye orodha ya behewa la nne. Kama wangeikosa, hakuna aliyejua nyingine ingekuja mwezi gani.

Damas aliyajua hayo kwa sababu Berthe alikuja ofisini saa moja asubuhi kumwambia. Alisema mara moja tu, bila kupandisha sauti wala kuomba kitu, kisha akarudi kwa watoto wake. Kama angelia, Damas angejua la kufanya. Angemtuliza, angemtoa mlangoni, na mambo yangeisha.

Kesi yenyewe ilikuwa imenyooka mno. Mathieu alikuwa na sababu ya kulipiza kisasi, yaani ile barua. Kwenye kibanda alicholala shambani ilipatikana sumu ya panya. Waendesha baiskeli walieleza kwamba kila siku ya safari, kabla ya kufunga mizigo, Mathieu alikuja na ndoo ya machicha ya munkoyo, ile pombe nyepesi ya mahindi ambayo mkewe alikuwa akiitengeneza, akawanywesha baadhi ya nguruwe kwa mkono wake. Wengine hakuwapa. Na wote kumi na mmoja waliokufa walikuwa wamekunywa kwenye ndoo hiyo. Walikufa wamekakamaa, nyama yao imepauka na inachuruzika maji, na Banza, daktari wa mifugo wa shamba, aliandika neno moja kwenye cheti: sumu. Juu ya yote hayo kulikuwa na ungamo.

Damas hakupenda kulifikiria hilo ungamo. Hakumpiga Mathieu. Alimwacha siku mbili bila chakula, halafu akamwambia kwamba anayekubali kosa hupandishwa treni na familia yake, na anayekataa hupelekwa gereza kuu. Mathieu alikubali jioni hiyo hiyo. Damas hakuwa na uwezo wa kumpandisha mtu treni yoyote, na alilijua hilo wakati anasema.

Akaandika: "Kielelezo cha kwanza, masikio mawili ya nguruwe." Rangi, urefu, hali. Ndipo alipoona mapengo.

Kwenye ukingo wa kila sikio palikuwa na alama zilizokatwa kwa koleo mnyama akiwa mchanga, mapengo ya ukubwa wa ukucha. Damas aliyahesabu ili maelezo yake yatimie. Sikio la kushoto, mapengo mawili. Jozi ya pili, sikio la kushoto, mapengo mawili. Ya tatu, mawili. Alipofika ya sita aliacha kuandika, akayageuza yote yaliyobaki kwa ncha ya kalamu. Masikio kumi na moja ya kushoto, na kila moja lina mapengo mawili.

Daftari la uzazi la shamba lilikuwa ndani ya jalada. Alikuwa amelichukua siku ya kwanza na hakulifungua tena, kwa sababu lilihusu nguruwe, na yeye alikuwa akitafuta mtu. Sasa alilifungua. Ukurasa wa mbele ulieleza kila kitu kwa mwandiko safi wa Banza: sikio la kulia ni la mama, la kushoto ni la baba. Shamba lilikuwa na madume mawili. Pengo moja lilimaanisha mtoto wa dume mweusi wa kienyeji. Mapengo mawili yalimaanisha mtoto wa yule mwenye mabaka, mwenye mbegu ya Ubelgiji.

Alilinganisha daftari na maelezo ya waendesha baiskeli. Nguruwe thelathini na wanne walikuwa wameletwa mjini. Wa dume mweusi walikuwa kumi na sita, na hakufa hata mmoja. Wa dume wa mabaka walikuwa kumi na wanane. Kati ya hao Mathieu aliwanywesha kumi na wanne, na kumi na mmoja wakafa.

Sumu haichagui baba. Kama ni mtu aliyechagua, basi yalikuwapo maelezo mawili tu. Ama Mathieu alikuwa na chuki na uzao wa dume mmoja, jambo la kipuuzi, ama Mathieu alijua ni nguruwe gani watakufa kabla hajawapa chochote.

Alirudi kwenye hati ya mahojiano ya kwanza kuona kama mshitakiwa aligusia jambo hilo. Katikati ya ukurasa wa pili, kwa mwandiko wake mwenyewe, alisoma: "Mshitakiwa hana la kueleza." Alikumbuka kwamba Mathieu alizungumza karibu nusu saa siku ile. Alikumbuka pia kwamba yeye alikuwa na njaa na alikuwa akichora miraba pembeni mwa karatasi.

Saa mbili na nusu alichukua pikipiki ya ofisi na mafuta yote yaliyokuwamo.

Blaise alikuwa Lubumbashi kwa shughuli zake. Banza alimpokea kwenye chumba cha dawa, koti jeupe limefungwa vifungo vyote, adabu tele. Aliuliza kama jalada limekwisha. Damas alijibu kwamba bado karatasi moja, akaanza kuangalia rafu. Shamba lilikuwa limeishiwa. Chupa nyingi zilikuwa tupu na vumbi limelala juu yake. Moja tu, ya kioo cha kahawia, ilikuwa safi. Kando yake palikuwa na kikopo kilichokatwa kwa umbo la pua ya nguruwe mdogo, kimewekwa pamba ndani. Pamba ilikuwa mpya.

"Docteur, hii chupa ni ya nini?"

"Ile? Dawa ya kulalisha. Tunaitumikishaka ku kuhasi."

"Tangu lini munalalisha nguruwe juu ya kuhasi?"

Damas alikulia Kamatanda, katika nyumba yenye zizi la nguruwe nyuma. Alijua kwamba nguruwe mdogo hukaliwa, huhasiwa, na kazi huisha kabla hajamaliza kupiga kelele. Hakuna anayempotezea dawa, hasa mwaka ambao hospitali zenyewe zinaitafuta.

"Inspecteur, ulishafunga dossier," alisema Banza polepole. "Juu ya nini unaifungula tena?"

"Juu niliifunga mubaya. Onyesha namna unaitumikisha."

Banza akachukua chupa. Huenda alichoka. Damas alikuwa amewahi kuona watu wengi wakifika hapo, na mara nyingi hufika kwa unafuu.

Wakaenda kwenye zizi la jike namba saba, aliyezaa na dume wa mabaka. Damas ndiye aliyechagua vitoto, wanne, wa miezi miwili, ambao hawakuwahi kuonja munkoyo wala kufungwa kwenye baiskeli. Banza akambana wa kwanza mapajani, akamvika kile kikopo puani. Kitoto kilipigana, kikalegea, kikalala na miguu laini. Banza aliihesabu dakika ya tatu kwa saa yake, akamwondolea. Wa pili alilegea vilevile, lakini kabla dakika mbili hazijatimia miguu yake ya nyuma ikanyooka, kisha ya mbele, ikakaza hadi ikawa haikunjiki. Banza akakitupa kikopo na kummwagia maji ya baridi mwili mzima. Ngozi ya mnyama ilikuwa moto. Damas aliigusa, akaondoa mkono. Wa tatu alilala. Wa nne akakakamaa.

Ndivyo walivyokuwa wale kumi na mmoja, miguu imekaza. Wala hapakuwa na ndoo hapa.

Banza alieleza akiwa amechutama, bila kuinua uso. Dume wa mabaka aliletwa kwa ndege miaka tisa iliyopita, wakati mabibi wa mainjinia wa mgodi walipokuwa wakirudisha nyama ya shamba kwa kuwa ina mafuta mengi. Watoto wake walikuwa na mapaja mapana na mafuta membamba kama kidole kidogo, na walinenepa kwa chakula kilekile ambacho wa dume mweusi walikula na kubaki wembamba. Siri ya nyama hiyo ilikuwa ndani ya damu, urithi mmoja mdogo. Kila mtoto hupokea upande mmoja kwa baba na mmoja kwa mama. Mwenye urithi huo kwa upande mmoja hupata nyama nzuri na huishi. Mwenye nao pande zote mbili hupata nyama nyingi zaidi, lakini misuli yake haina breki. Akitishwa, akifungwa, akipigwa na jua, misuli hukaza yenyewe, joto hupanda, na moyo husimama. Nyama yake ndiyo ile iliyopauka.

Dume mwenyewe alikuwa nao pande zote mbili. Aliishi kwa sababu hakuna aliyewahi kumtoa kivulini. Kama angepandishwa kwa majike wa kienyeji tu, watoto wote wangepata upande mmoja na shamba lingebaki salama. Lakini Blaise alitaka mapaja makubwa zaidi, na Banza akataka kuona yatafika wapi. Akampandisha dume kwa binti zake mwenyewe. Nusu ya watoto waliozaliwa walipata pande zote mbili. Wakati wa lori, wachache tu walikufa, mmoja, wawili kwa mwaka, na kosa likawa la joto. Halafu lori likafa, zikaja baiskeli.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza Damas.

"Tangu ile ya tatu kufa. Nilipima batoto ya nguruwe na ile chupa, nikaona."

"Na uliandika sumu."

"Patron alisema mwenye kosa atatoka mu shamba." Banza alikuwa akimfuta kitoto maji kwa pindo la koti lake. "Mathieu alikuwa mwenye kuenda tu, inspecteur. Leo ao kesho, alikuwa mwenye kuenda. Minye niko na batoto saba hapa."

Damas alitaka kukasirika na hasira haikuja. Aliona aibu. Hayo ndiyo mawazo aliyokuwa nayo yeye siku alipokwenda shambani kumkamata Mathieu, pingu mkononi: kwamba huyu ni mtu wa kuondoka, kwamba jalada lake halitamsumbua mtu atakayebaki. Walikuwa wamefikiri jambo moja, yeye na daktari, kila mmoja kwenye meza yake.

"Na munkoyo?"

"Mathieu njo anajuaka kunishinda. Mutoto akizaliwa anaangalia mukia. Mwenye mukia inatetemeka, ule ni wa kufa. Ile njo alikuwa anapatia munkoyo, juu itulie, isiogope baiskeli. Ile tatu ilipona, iliponaka juu yake."

Damas alimfanya aandike yote na kutia saini, kisha akachukua chupa, kikopo na cheti cha sumu. Alimwambia asitoke shambani. Banza aliuliza kama dume atachinjwa. Damas akasema hilo atamuuliza tajiri wake.

Alifika ofisini saa nane kasoro dakika kumi. Mkubwa wake hakuwapo kutia saini ya kumwachia mshitakiwa, lakini Damas alijua tangu zamani kwamba saini hiyo haihitajiki. Sheria ilimruhusu kumshikilia mtu saa arobaini na nane. Zilikuwa zimepita siku tisa. Ni yeye aliyeongeza, siku baada ya siku, bila kuomba kibali. Alishuka, akamwambia askari wa zamu afungue na aandike saa ya kutoka.

Mathieu alitoka akiwa ameshika viatu vyake mkononi. Miguu ilikuwa imevimba, haikuingia. Damas alikuwa ametayarisha maneno njia nzima kutoka shambani, lakini alichoweza kusema ni kwamba ushahidi umebadilika. Mathieu akaitika kwa kichwa. Alipopanda pikipiki alishika chuma cha nyuma, hakumshika Damas kiunoni, na hivyo ndivyo walivyokwenda hadi stesheni.

Behewa la nne lilikuwa limejaa watu, magodoro, masufuria na mabati ya nyumba. Berthe alikuwa ameketi juu ya furushi karibu na mlango, mtoto mdogo kifuani, na pembeni yake alikuwa ameacha nafasi ya mtu mmoja, akiilinda kwa mguu. Alipomwona mumewe aliondoa ule mguu. Alichukua viatu mkononi mwake, akaviangalia, akaviweka ndani ya furushi.

Damas alipanda behewani nyuma ya Mathieu, na karatasi mkononi. Palihitajika hati fupi ya mwisho, akaisoma kwa sauti kama sheria inavyotaka: kwamba Mathieu Kalombo ameachiwa huru, kwamba hakuna kosa lililoonekana. Akampa kalamu. Mathieu hakuipokea.

"Na ile ya kwanza?" aliuliza. "Uko nayo?"

"Papa Mathieu, treni inataka kuenda."

"Minye najua kusoma, chef. Ile siku niliisoma mbele ya kutia saini. Nilikuambiaka yote. Banakufa batoto ya ile dume ya mabaka tu, nikakuambia. Uliniambia weye ni polisi, hauko mufuga nguruwe. Ukaandika minye sina ya kusema." Alizungumza bila ukali, kama mtu anayehesabu mizigo yake. "Uliniambia tena nikubali, utanipeleka ku treni. Sawa, umenipeleka. Sasa ile mustari, futa."

Mbele, injini ilipiga honi mara ya kwanza. Watu wa chini wakaanza kushikana mikono na wa juu.

Damas alifungua jalada juu ya goti. Ukurasa wa pili ulikuwa mahali pake. Berthe alisogeza sufuria ili karatasi ipate pa kulala. Damas alipiga mstari juu ya "Mshitakiwa hana la kueleza", mstari mmoja mnyoofu, ili maneno yaliyofutwa yaendelee kusomeka, maana hivyo ndivyo inavyotakiwa.

"Andika," alisema Mathieu. "Banaokufa ni batoto ya dume moja. Kalombo anabapatiaka munkoyo juu batulie. Andika na siku."

"Siku ya leo?"

"Apana. Siku nilikuambia."

Damas akaandika tarehe ya siku tisa nyuma. Honi ikalia tena na behewa likashtuka. Kila kilichofutwa katika hati ya mahojiano lazima kithibitishwe pembeni kwa saini ya aliyehojiwa na saini ya aliyehoji, vinginevyo hakina nguvu. Mathieu alilijua hilo, ama alilikisia. Alichukua kalamu, akatia saini yake pembeni, taratibu, herufi zote za jina, kisha akairudisha kalamu.

"Sasa weye."

Damas alitia saini chini yake. Treni ilikuwa imeshaanza kutembea. Alikusanya karatasi kifuani, akaruka, akaanguka kwa goti kwenye kokoto, na alipoinuka mlango wa behewa la nne ulikuwa mbali. Mathieu alikuwa ameshaketi kwenye ile nafasi. Hakuangalia nyuma. Berthe ndiye aliyeangalia, mpaka treni ilipopinda.

Damas akaufungua tena ukurasa wa pili kuhakikisha kila kitu kipo. Mstari uliofutwa ulisomeka vizuri. Pembeni yake palikuwa na saini mbili, ya juu imenyooka, ya chini imepinda. Kama wangemuuliza kwa nini yake imepinda, angesema ni treni.